Paneli zinyumbuke, tarehe zisihame

Mzee alichukua rula ya plastiki iliyokuwa juu ya meza ya karani, akaisimamisha wima kwenye kioo cha laptopu yangu. Ncha ya chini akaiweka penye nguzo ndefu kuliko zote kwenye grafu ya mvua. Ncha ya juu ikakata mstari wa usawa wa ziwa, kwenye paneli iliyokaa juu yake.

"Mwanangu, huku chini ni lini?"

Nikasogeza kipanya. Mwanzoni mwa Desemba 2019.

"Na huku juu, rula inapopita?"

Nikasogeza tena. Katikati ya Novemba.

Hakusema zaidi. Akabaki ameishikilia rula kwa vidole viwili, akinisubiri nielewe. Tulikuwa watu sita chumbani, feni inazunguka, na kazi yangu ya miezi mitatu iko mbele ya kila mtu ikitoa habari yenye kosa la wiki tatu.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu kijana mmoja anayeanza kazi hizi amenipigia simu kuuliza namna nzuri ya kupanga paneli nyingi kwenye dashibodi, yaani ukurasa mmoja unaokusanya grafu, ramani na majedwali, ili mtumiaji azivute, azibane na azipange anavyotaka. Jibu lilikuwa refu, nikamwahidi kuliandika. Ndilo hili.

Mimi naishi Mwanza. Kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutengeneza violesura, yaani kurasa za skrini za kutazamia na kutumia data, vya watu wanaofuatilia maji: mvua, mito na Ziwa Victoria lenyewe. Kwenye mradi huu kulikuwa na vitu vitano vya kuonyesha kwa pamoja. Ramani ya vituo. Usawa wa ziwa. Mvua ya kila siku. Maji yanayopita kwenye mito kama Mara, Simiyu na Kagera. Na jedwali la kituo kimoja, kwa mtu anayetaka namba kavu. Kila kimoja kina paneli yake, na kila mtu anataka paneli yake ndiyo iwe kubwa. Wa ramani anataka ramani. Wa mito hana habari na ramani, anataka mistari mirefu inayosomeka.

Halafu kuna vioo. Ofisini kuna mtu mwenye skrini mbili pana. Wengi wana laptopu za pikseli, zile nukta zinazounda picha ya kioo, 1366 kwa 768. Chumba cha mikutano kina projekta ya zamani ya 1024 kwa 768. Na kuna mtu aliyeko mwaloni, mitumbwi inapopakua samaki, ameshika simu, jua linampiga, anataka kujua kitu kimoja tu: maji yanapanda au yanashuka?

Kwa hiyo neno lililorudiwa tangu kikao cha kwanza lilikuwa "kunyumbuka". Mpangilio unyumbuke. Nami nikalielewa kama uhuru. Toleo la kwanza nililifanya kila paneli iwe dirisha linaloelea: buruta popote, panua utakavyo, lifunike jingine ukipenda. Nilijivunia. Wakati wa maonyesho watu walipiga makofi.

Baada ya wiki mbili nilikuwa nimeketi ofisini kwao nikirekebisha jambo jingine, nikasikia mazungumzo ya simu kati ya mtumishi wa pale na mwenzake wa kituo cha wilayani.

"Kaka, angalia grafu ya chini kushoto."

Kimya kidogo. "Dada, kwangu chini kushoto kuna ramani."

"Basi ile ya mvua."

"Ya mvua sijui nimeiweka wapi, ngoja niitafute."

Walimaliza kwa kusomeana namba moja moja kutoka kwenye jedwali, kama walivyokuwa wakifanya kabla sijaleta dashibodi yoyote. Jambo hilo liliniuma, na bado naona ndilo funzo kubwa la kwanza la kazi ile. Watu wanaofanya kazi pamoja wanahitaji mahali panapofanana. "Juu", "chini" na "kulia" ni maneno yao ya kazi. Nilikuwa nimewanyang'anya.

Nikayaondoa madirisha yanayoelea. Badala yake nikaweka mipangilio mitatu yenye majina: Ziwa na Mvua, Ramani Kubwa, Kituo Kimoja. Ndani ya kila mpangilio paneli haziachi nafasi zake. Kinachosogea ni mipaka kati yao: unaushika mpaka, unausukuma, huyu anapungua yule anaongezeka. Na anwani ya ukurasa inabeba mpangilio pamoja na tarehe, kituo na ukubwa wa kila paneli, hivyo ukimtumia mwenzako kiungo kwenye WhatsApp anafungua kilekile unachokitazama. Kuna waliolalamika kwamba nimewabana. Wiki ya pili malalamiko yaliisha, na ile simu ya "iko wapi" sikuisikia tena.

Baba yangu mdogo anashona nyavu. Utotoni nilikaa naye sana, na kazi niliyopewa ilikuwa kushikilia upande mmoja wakati yeye anafunga. Wavu ukiuvuta unafunguka, ukiuachia unajikunja, unachukua umbo la mtumbwi, la jiwe, la mkono wako. Lakini fundo halisogei. Fundo likilegea matundu hayalingani tena, na samaki anapita. Niliporudi nyumbani jioni ile ya rula, nilikaa na daftari nikajiuliza: kwenye kiolesura hiki, fundo ni lipi? Kitu gani hakiruhusiwi kusogea hata mtu akivuta mipaka yote?

Jibu lilikuwa wazi baada ya Mzee kulionyesha. Tarehe. Paneli tatu za muda, yaani ziwa, mvua na mito, zimepangwa moja juu ya nyingine kwa sababu moja tu: ili jicho lishuke wima kutoka tukio hadi tukio. Siku moja lazima ikae kwenye mstari mmoja wa wima katika paneli zote tatu. Hilo likivunjika, hakuna maana ya kuziweka pamoja.

Na lilivunjikaje? Kwa jambo dogo mno. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na usawa wake huandikwa mpaka sentimita. Kwa hiyo lebo za mhimili wa kushoto kwenye paneli ya ziwa zilikuwa ndefu: tarakimu nne, alama ya elfu, nukta, tarakimu mbili. Kwenye paneli ya mvua lebo zilikuwa 20, 40, 60. Maktaba ya kuchorea grafu, yaani msimbo uliotengenezwa tayari na wengine, kwa nia njema kabisa, ilikuwa inaipa kila grafu pambizo linalotosha lebo zake. Ya ziwa ikasogea kulia pikseli 22 zaidi ya ya mvua. Upande wa kulia zote zikaishia sehemu moja.

Fanya hesabu uone. Tulikuwa tunaonyesha miaka miwili, siku 730, kwenye uwanja wa pikseli 700 hivi. Pikseli moja ni kama siku moja. Pikseli 22 ni wiki tatu. Tena kosa lenyewe halikuwa sawa kila mahali: mwanzoni mwa grafu ni wiki tatu, katikati ni siku kumi na kitu, mwishoni ni sifuri. Kosa la aina hiyo mtu haligundui kwa kutazama, maana mwisho wa grafu, ambako wengi wanaangalia kwanza, kila kitu kiko sawa.

Mzee aliligundua kwa sababu analijua ziwa. Alisoma vipimo vya maji kwa miongo, akiandika kwa penseli kwenye daftari lenye mistari. Anajua kwamba sehemu kubwa ya maji yanayoingia ziwani haitoki mitoni, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mvua kubwa ikipiga kwenye maji yenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, ziwa halingoji wiki tatu kuanza kupanda. Grafu yangu ilikuwa inasema linangoja. Angekuwa mtu mwingine, mgeni wa data hizi, angeandika kwenye ripoti kwamba kuna ucheleweshaji wa wiki tatu kati ya mvua na ziwa, na angekuwa na picha ya kuthibitisha.

Dawa yake si ngumu. Paneli zote zenye mhimili wa muda mmoja niliziweka kwenye kundi. Kabla ya kuchora, kundi linapima lebo ndefu kuliko zote miongoni mwa wanakundi, kisha linampa kila mmoja pambizo hilohilo. Ukibadilisha kituo na lebo zikawa fupi, zote zinasogea pamoja. Paneli ya mvua inabaki na nafasi tupu kushoto mwake, na mwanzoni mbunifu mwenzangu aliiona ni ubaya. Nilimwomba aiache. Nafasi ile tupu ndiyo inayofanya grafu iwe ya kweli. Kundi linazuia jambo jingine pia: huwezi kuweka paneli mbili za muda ubavu kwa ubavu ndani ya mpangilio wa Ziwa na Mvua. Upana wao ni mmoja daima. Kinachotofautiana kati yao ni kimo tu.

Hapo kwenye kimo nako kuna hatari, na naona waandishi wengi wa programu hawaijali.

Ukiibana paneli kwa kimo, mstari unalala. Ukiirefusha, mstari unasimama. Data haijabadilika hata nukta moja, lakini aliyetazama ameona ziwa tulivu, na mwingine ameona ziwa linalokuja mlangoni. William Cleveland na wenzake waliandika mwaka 1988 kuhusu umbo la grafu, wakaeleza kwamba jicho hulinganisha miinuko vizuri zaidi pale ambapo mistari iko karibu na nyuzi 45. Kwetu hii si nadharia. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili. Mei 2020 kipimo cha Jinja, upande wa Uganda, ambacho kina sifuri yake chenyewe na hakihesabu kutoka usawa wa bahari, kilifika mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964, na kandokando ya ziwa watu walihama nyumba zilizoingiliwa na maji. Mtu anapotazama mstari ule na kuamua kama ahamishe mashine zake za barafu kutoka ufukweni, siwezi kumwachia mpaka wa paneli umdanganye.

Nilifanya mambo mawili. Paneli ya ziwa ina kimo cha chini kabisa ambacho mpaka haupiti, ukisukuma unagoma. Na nyuma ya mstari kuna vipande vyepesi vya rangi ya kijivu, kila kimoja nusu mita, vimeandikwa pembeni. Paneli ikibanwa, vipande vinabanwa pamoja na mstari. Jicho linapata kitu cha kulinganisha. Sidhani nimelimaliza tatizo, lakini mtu sasa anaona kwamba kilichopungua ni picha, ziwa liko palepale.

Nije kwenye ufundi, maana kijana aliniuliza hasa hilo.

Mpangilio nauhifadhi kama mti. Shina ni skrini nzima. Kila tawi linasema mambo mawili: limegawanywa wima au ulalo, na kwa uwiano gani. Majani ni paneli. Basi. Kusukuma mpaka ni kubadilisha namba moja kwenye tawi moja. Uzuri wa mti ni kwamba hauwezi kuacha shimo wala kupandisha paneli juu ya nyingine, hata mtu asukume vipi. Hifadhi uwiano, usihifadhi pikseli. Mimi mwanzoni nilihifadhi pikseli: bosi akapanga dashibodi kwenye skrini yake pana, akaifungua kwenye laptopu safarini, ramani ikajaa kioo chote na mvua ikabaki kijistari kama uzi chini. Ukihifadhi asilimia sitini, ni asilimia sitini popote.

Kwenye kivinjari mti huo unageuka gridi ya CSS, lugha inayoupa ukurasa wa wavuti mpangilio na mwonekano. Vivinjari vikubwa vilianza kuikubali gridi Machi 2017, na kabla ya hapo kazi hii ilikuwa ya kupima na kuhesabu kila kitu kwa mkono. Lakini gridi ina mtego mmoja uliowahi kunikesha. Paneli ikipanuliwa inapanuka vizuri, ikibanwa, haibaniki. Mbaya zaidi, nyingine ilikuwa inarefuka yenyewe, polepole, pikseli chache kila mara, bila mtu kuigusa. Sababu ni kwamba gridi kwa kawaida haikubali chumba kiwe kidogo kuliko kilichomo ndani, na grafu nayo inajichora kwa ukubwa wa chumba. Chumba kinamsubiri mpangaji apungue, mpangaji anasubiri chumba kipungue. Dawa ni kuandika `minmax(0, 1fr)` badala ya `1fr` peke yake, na kuifanya grafu ikae ndani ya paneli bila kuisukuma. Mstari mmoja wa msimbo. Nilikesha usiku mzima kwa ajili yake.

Jambo la pili la kumshukuru aliyelibuni ni paneli kujiuliza upana wake yenyewe. Zamani tuliuliza skrini: wewe ni pana kiasi gani? Skrini pana ikajibu pana, na grafu iliyobanwa pembeni ikajichora kama tajiri, lebo zikapandana. Kuanzia mwaka 2022 vivinjari vya Chrome na Safari, na Firefox mwanzoni mwa 2023, vinaruhusu kanuni za CSS zifuate upana wa chombo kinachobeba kitu badala ya upana wa skrini. Kwa hiyo paneli ya mvua ikiwa na pikseli 320 kwenye kona ya skrini kubwa inajichora sawasawa na ikiwa na pikseli 320 kwenye simu: lebo tatu badala ya tisa, ufunguo wa rangi unajificha chini ya kitufe, jina la kituo linafupishwa. Naandika kanuni mara moja, zinafaa ofisini na mwaloni.

Mpaka wenyewe uufanye mwembamba kwa jicho na mnene kwa kidole. Wangu unaonekana pikseli moja, lakini eneo linaloshikika ni pikseli 24, na kwenye simu ni zaidi. Na uhakikishe unasogezwa kwa vitufe vya mishale pia. Kuna mama mmoja pale ofisini ambaye mkono wake unatetemeka, kipanya kinamchosha. Kwa mishale anasogeza mpaka asilimia mbili kila akibonyeza, na ndiye mtu anayepanga paneli zake kwa usahihi kuliko wote.

Wakati wa kuburuta usichore upya kila kitu. Grafu ya mito ilikuwa na nukta zaidi ya elfu ishirini, na kwenye laptopu za kawaida kila msogeo ulikuwa unakwama kama gari kwenye tope. Sasa wakati mtu anaburuta ninavuta picha iliyopo tu, inaonekana imetandazwa kidogo, na akiachia ndipo grafu inachorwa vizuri. Hakuna aliyewahi kulalamikia ile sekunde ya picha iliyovutwa. Na ramani jihadhari nayo: kipanya kikipita juu ya ramani katikati ya kuburuta, ramani inadhani ndiyo inayoburutwa, inaondoka na wewe. Kivinjari kina njia ya kuuambia mpaka ushike kipanya mpaka mtu aachie. Itumie.

Kuna jambo moja ambalo kitabuni halikuniingia mpaka nilipolikuta kazini. Paneli ikiwa nyembamba sana, maana ya namba inabadilika.

Siku 730 kwenye pikseli 300 hazienei. Siku mbili na zaidi zinagombea pikseli moja. Huwezi kuchora nguzo 730 za mvua hapo, kwa hiyo programu inajumlisha kwa wiki. Sawa. Lakini mvua ya wiki ni jumla, kwa hiyo nguzo zinakuwa ndefu zaidi na mhimili unapanda. Mtu aliyekuwa anaona milimita 45 ghafla anaona 110, kwa sababu tu amesukuma mpaka kushoto. Nilimwona mtumishi mmoja akishtuka kweli. Toka siku hiyo kichwa cha paneli kinabadilika pamoja na nguzo, "mm kwa siku" inakuwa "mm kwa wiki", na kwa sekunde mbili maneno hayo yanakolezwa ili jicho liyaone. Usawa wa ziwa hauna shida hiyo, kwa kuwa wastani wa wiki unabaki kwenye kiwango kilekile.

Kwenye simu hakuna kugawanya. Paneli zinapangwa moja chini ya nyingine, ziwa kwanza, na nyingine zimefungwa mpaka uziguse. Data ya paneli iliyofungwa haipakuliwi. Bando ni pesa ya mtu, na aliyetaka kujua usawa wa maji tu asilipie ramani ambayo hakuiomba.

Halafu karatasi. Ofisi zetu zinachapa. Ripoti inasainiwa, inapigwa muhuri, inawekwa kwenye faili, na mtu anayeamua mambo mara nyingi anasoma karatasi. Nilikuwa sijaiwaza karatasi kabisa mpaka nilipoona dashibodi yangu imepigwa picha ya skrini, imebandikwa kwenye Word, imechapwa kwa printa nyeusi na nyeupe: mito mitatu, mistari mitatu ya kijivu, hujui upi ni upi. Nikatengeneza mpangilio wa nne, wa A4. Paneli tatu za muda wima, tarehe chini, pambizo moja, mito inatofautishwa kwa aina ya mstari, mzima, wa vipande, wa nukta, na jina la mto limeandikwa mwishoni mwa mstari wake. Baadaye nikaona mistari ile inasomeka vizuri hata kwenye skrini, nikaihamishia huko. Wanaume wengi kuliko tunavyodhani hawatofautishi nyekundu na kijani, kwa hiyo ilikuwa faida ya bure.

Mzee nilimpelekea karatasi hiyo mwenyewe, nyumbani kwake. Shikamoo, marahaba, chai. Akavaa miwani. Akaniomba rula, nilikuwa nimeibeba. Akaisimamisha kwenye Desemba, akasoma juu, akasoma chini, akaipeleka kwenye masika ya 2020, akasoma tena. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaweka kidole kwenye sehemu fulani ya mstari wa mto.

"Hapa palikuwa na siku ambazo msomaji wa kituo alikuwa anaumwa. Hazikuandikwa. Wewe umepitisha mstari."

Nilikuwa sijapitisha kwa makusudi. Kwenye skrini pana siku nne zisizo na vipimo ni pikseli nne, pengo linaonekana. Kwenye A4, na kwenye paneli iliyobanwa, siku nne zinakuwa chini ya pikseli mbili, na unene wa mstari unalifunika pengo. Mpangilio wangu unaonyumbuka ulikuwa unafuta habari kila unapobanwa, na habari yenyewe ilikuwa muhimu: hapa hatujui.

Sasa mapengo yana kanuni yake. Pengo lolote, hata la siku moja, linapewa angalau pikseli tatu, na chini yake inawekwa alama ndogo ya pembetatu kwenye mhimili. Tatizo ni kwamba pikseli hizo tatu nazichukua kwa siku za jirani, na mimi nimeapa tarehe hazisogei. Kwa hiyo pengo linakula kidogo mstari wa pande zote mbili bila kuhamisha nukta yoyote. Mstari unaisha mapema kabla ya pengo, na baada yake unaanza kwa kuchelewa. Kwa mapengo mengi yaliyokaribiana bado inaonekana vibaya, kuna mto mmoja ambao mwaka 2021 unaonekana kama umetafunwa na panya. Nimejaribu njia tatu. Ijumaa nampelekea Mzee karatasi tatu, na rula.

Ule mstari wa wima unaopita kwenye paneli zote unapogusa tarehe, watumiaji wanauita Rula. Sikuwaambia mimi. Nadhani ni mmoja wa wale sita waliokuwa chumbani.